Kuishi na Kifua Kisichopona



Somo hili ni la wahudumu wa afya wa vijiji, vikundi vya akina mama na akina baba, na kila nyumba iliyo na mtu mwenye pumzi fupi. Lisomwe kwa sauti katika mkutano, na msomaji asimame mahali popote watu wana swali. Likihitaji mikutano miwili, basi liwe la mikutano miwili.

Tuanze na kosa letu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa tukimtembelea mama mzee mmoja anayekaa kwenye mteremko, juu ya mto. Alikuwa ameugua kifua kikuu zamani, akameza dawa zote mpaka mwisho, akapimwa, akaambiwa amepona. Na kweli alikuwa amepona. Lakini pumzi haikurudi. Kutoka mlangoni mpaka chooni alisimama mara mbili. Soko ameacha, kwaya ameacha, na wajukuu walikuwa wamezoea kumwona kwenye kiti, ndani ya jikoni, karibu na moto, kwa sababu huko ndiko kuna joto.

Sasa sisi tulifanya nini? Tulimpelekea blanketi na sukari. Tukamtafutia kiti kizuri chenye mgongo. Tukawaambia watu wa nyumbani, "Mwacheni mama apumzike, asiguse kazi yoyote." Tukaenda zetu tukiwa tumefurahi. Mwaka uliofuata tulimkuta hawezi kutoka chumbani kwake bila kushikwa mkono.

Ni muuguzi mmoja aliyekuja kuwafundisha wahudumu wetu ambaye alituambia, bila kutuonea haya, kwamba kile kiti chetu kilikuwa kimeongeza ugonjwa. Tulinyamaza kimya. Halafu tukamwomba atufundishe, na mengi ya somo hili yametoka kwake.

KIFUANI KUNA NINI

Hewa tunayovuta hupita katika vijia vinavyogawanyika kama matawi ya mti, vikizidi kuwa vyembamba, mpaka vinafika kwenye vifuko vidogo sana, mamilioni kwa mamilioni. Ni katika vifuko hivyo ndipo oksijeni huingia kwenye damu na hewa iliyotumika hutoka. Moshi au vumbi likiingia kila siku kwa miaka mingi, vijia huvimba na kujaa makohozi, na kuta za vile vifuko huvunjika. Kifuko kikishavunjika hakijengwi tena. Hii ndiyo maana tunasema ugonjwa ni sugu. Dawa yaweza kufungua vijia kidogo na kupunguza uvimbe, lakini mapafu ya zamani hayarudi.

Kuna jambo ambalo wengi wetu hatukulijua. Shida kubwa ya mgonjwa huyu si kuingiza hewa, ni kuitoa. Vijia vyake hujifunga kabla hewa ya zamani haijatoka yote. Kwa hiyo kifua hubaki kimejaa, kama debe ambalo halijamwagwa, na hewa mpya inakosa nafasi. Ndiyo sababu utamwona ameinua mabega, kifua kimetuna kama pipa, anavuta, anavuta, na bado anasema haitoshi. Likumbukeni jambo hili, maana tutalihitaji hapo mbele.

Ugonjwa huu unatoka wapi? Wengi watajibu sigara, na ni kweli, pamoja na kiraiko cha wazee. Lakini kwetu kuna akina mama wengi ambao hawajawahi kushika sigara na vifua vyao ni kama vya wavutaji. Wameinama juu ya mafiga tangu wakiwa wasichana wadogo. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, zaidi ya nusu ya nyumba za Kenya zilikuwa zinapikia kuni. Wengine ni wachonga mawe, au watu wa posho mill ambao hurudi jioni weupe kwa unga. Wengine walikuwa na pumu isiyotibiwa vizuri, au nimonia za mara kwa mara utotoni.

Na kuna hawa wa kifua kikuu. Kupona kifua kikuu ni jambo moja, kurudishiwa mapafu uliyokuwa nayo ni jambo lingine. Vijidudu hufa lakini kovu hubaki. Basi mtu wa namna hii akianza kukohoa zaidi, asiambiwe "ni kile kifua chako cha zamani" akarudishwa nyumbani, wala asianzishwe tena dawa za kifua kikuu kwa kubahatisha. Apimwe makohozi. Kupimwa na dawa za kifua kikuu ni bure katika vituo vya serikali.

Shirika la Afya Duniani linasema ugonjwa sugu wa kuziba kwa vijia vya hewa uliua watu kama milioni 3.5 duniani mwaka 2021. Kati ya wanaouawa nao kabla ya kutimiza miaka 70, karibu 90 kwa kila 100 wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama hii yetu. Lakini katika somo hili hatutazungumza sana juu ya kufa. Wengi wenye ugonjwa huu huishi nao miaka 10, 20, na zaidi. Swali ni wanaishi namna gani.

KITI KINAVYOLETA UGONJWA

Mtu anapanda mlima, anashikwa na pumzi, anaogopa. Nani hawezi kuogopa? Kukosa hewa ni kama kuzama majini. Kesho anapunguza mwendo. Kesho kutwa anamtuma mtoto. Baada ya miezi michache miguu ambayo haitembei imelegea, na misuli iliyolegea hudai hewa nyingi zaidi kwa kazi ile ile. Basi sasa anashikwa na pumzi hata mahali pa tambarare, na hofu inaongezeka, na anakaa zaidi. Mapafu yake hayajabadilika hata kidogo tangu mwaka jana. Kilichoharibika ni miguu, na pia moyo wa kuthubutu.

Watu wa nyumbani wanaopenda mgonjwa wao ndio huharakisha jambo hili. "Kaa tu mama, tutafanya." Ni maneno ya upendo. Sisi tuliyasema. Lakini kushikwa na pumzi kwa sababu ya kutembea, peke yake, hakuharibu mapafu zaidi. Kukaa ndiko kunakoharibu mwili.

ULIZENI HABARI ZA MAISHA

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, daktari mmoja Mwingereza, Charles Fletcher, alikuwa akiwachunguza wachimba makaa wa Wales ambao vifua vyao vilikuwa vimejaa vumbi. Yeye na wenzake walipanga ngazi 5 za kukosa pumzi ambazo hazihitaji mashine yoyote, na hospitali duniani kote bado zinazitumia. Tumeziweka kwa barabara zetu. Wa ngazi ya kwanza hushikwa na pumzi akifanya kazi ngumu tu, kama kulima kwa nguvu. Wa pili hushikwa akiharakisha, au akipanda kilima kidogo. Wa tatu hutembea polepole kuliko watu wa rika lake hata pa tambarare, au husimama ingawa anakwenda mwendo wake mwenyewe. Wa nne husimama baada ya mita 100 hivi, au dakika chache. Wa tano hatoki nyumbani, au hushikwa na pumzi akivaa nguo tu. Mhudumu yeyote anaweza kuuliza maswali haya akiwa amesimama hapo uani. Mama yetu tulipomwona mara ya kwanza alikuwa wa nne. Baada ya kiti alikuwa wa tano.

Hospitali kubwa zina kipimo cha kupuliza, ambacho huonyesha ni hewa kiasi gani inatoka kwa sekunde moja. Ni kipimo kizuri, na bila hicho daktari hawezi kuwa na hakika ni ugonjwa gani. Lakini hakisemi yote. Watu wawili waweza kupuliza sawasawa kabisa, na mmoja anauza mboga sokoni, mwingine hatoki kitandani. Ndiyo maana Daktari Paul Jones na wenzake, katika hospitali ya St George's huko London, walitoa mwaka 1992 karatasi ndefu ya maswali inayouliza juu ya maisha yenyewe: je, unaweza kuoga peke yako, unaona haya kukohoa mbele za watu, unaogopa ukikosa pumzi? Mwaka 2009 Jones na wenzake wengine walitoa nyingine fupi, ya maswali 8 tu. Inauliza juu ya kikohozi, makohozi, kubanwa kifua, kupanda mlima au ngazi, kazi za nyumbani, kama mtu ana ujasiri wa kutoka nje, usingizi, na nguvu za mwili.

Tazameni vile maswali hayo yalivyo. Nusu yake ni mambo ambayo sisi majirani tungeweza kuuliza na hatukuuliza. Tulikuwa tunauliza tu, "Umekunywa dawa?"

Siku hizi wahudumu wetu huongeza swali moja: ni jambo gani ungependa kulifanya tena? Msidhani watasema mambo makubwa. Yule mama alifikiri kwa muda mrefu. Tulidhani atasema anataka kuimba. Alisema anataka kwenda kukaa kwenye mazoezi ya kwaya siku ya Jumamosi, asikie, acheke na wenzake, arudi. Kutoka kwake mpaka kanisani si hata kilomita moja.

TULIANZA NA MPARACHICHI

Kwanza alipelekwa kituo cha afya akapimwa moyo, damu na makohozi. Hili msiliruke. Mtu mwenye maumivu ya kifua, kizunguzungu, au miguu iliyovimba asianzishwe mazoezi na jirani kabla hajaonwa na daktari.

Halafu mjukuu wake, kijana wa shule, alichoma vijiti vinne ardhini kutoka mlangoni: wa kwanza kwenye mparachichi, wa pili kwenye zizi, wa tatu langoni, wa nne barabarani. Kazi ya mama ilikuwa kutembea mpaka pumzi ipande, lakini si mpaka ashindwe kusema. Kipimo ni hiki: ukiweza kusema maneno machache halafu ukavuta hewa, ni sawa. Ukishindwa kusema hata neno, umezidisha. Hapo unasimama, unapumzika, unaendelea. Kupumzika njiani si kushindwa. Kila hatua 20 mnaweza kuweka kigoda.

Alifanya hivyo siku 5 kwa wiki. Na kila asubuhi aliinuka kutoka kwenye kiti na kukaa tena mara 5, bila kujisukuma kwa mikono, baadaye mara 10. Kile kiti chetu kikapata kazi. Mikono nayo aliinulia chupa ndogo zilizojaa maji, moja kila upande, kwa maana kuchana nywele na kuanika nguo huwachosha sana watu hawa.

Wiki ya kwanza hakufika mparachichi. Alikasirika, akatuambia tunataka kumwua. Mwanawe naye alitutazama vibaya. Wiki ya tatu alifika zizini. Kuelekea mwisho wa mwezi wa pili akatoka barabarani, akakaa juu ya jiwe, na watu waliopita wakamsalimia mmoja mmoja kama mtu aliyerudi kutoka safari ya mbali. Alirudi nyumbani amechoka na hakulala kwa kuongea.

Kule hospitalini alipuliza tena kile kipimo. Kilikuwa vile vile. Lakini alikuwa amepanda kutoka ngazi ya tano mpaka ya tatu.

Haya si mambo ya mama mmoja tu. Mwaka 2015 ulitolewa uchunguzi uliokusanya majaribio 65, yenye wagonjwa zaidi ya 3,800, ya mazoezi ya namna hii kwa watu wenye kuziba kwa vijia vya hewa. Faida ilikuwa wazi kiasi kwamba wataalamu walisema hakuna haja tena ya majaribio ya kulinganisha wanaofanya mazoezi na wasiofanya. Na hapa jirani, katika hospitali ya Mulago huko Kampala, watu ambao kifua kikuu kiliwaachia makovu walifanya mazoezi mara mbili kwa wiki kwa wiki 6, na mwisho walitembea mbali zaidi kuliko walivyoanza. Hawakuhitaji mashine za bei. Kwetu vituo vya mazoezi haya ni vichache sana, na wengi wetu tutangoja muda mrefu. Mparachichi haungoji.

KUPUMUA, NA KUFANYA KAZI BILA KUFUNGA PUMZI

Sasa rudini kwenye lile debe ambalo halijamwagwa. Msaada mkubwa ni kutoa hewa polepole. Vuta kwa pua ukihesabu moja, mbili. Halafu kunja midomo kama mtu anayepoza chai, na utoe hewa ukihesabu moja mpaka nne, bila kulazimisha. Midomo ikibana hivyo, vijia vya ndani hukaa wazi kwa muda zaidi, hewa ya zamani inatoka, na mpya inapata nafasi. Mgonjwa afundishwe akiwa ametulia, si siku ambayo ameshikwa. Ukifundishwa kuogelea wakati wa mafuriko hutajua kitu.

Akishikwa, aketi, ainamie mbele, viwiko viwe juu ya magoti, mabega yalegee. Kama hakuna pa kuketi, aegemee ukuta au mti. Mtu mmoja amkalie karibu na kupumua pamoja naye polepole. Wengine watoke. Tumeona nyumba ambapo watu 8 wanamzunguka mgonjwa, kila mmoja anapiga kelele "vuta! vuta!", na yeye tayari kifua kimejaa pomoni.

Katika kazi, toa hewa wakati wa nguvu. Unainua ndoo, toa hewa. Unainuka kitini, toa hewa. Wengi hufunga pumzi hapo, na ndipo wanaposhindwa. Kumenya viazi, kuosha vyombo, hata kuoga, mtu aweza kufanya ameketi kwenye kigoda. Mtungi wa lita 20 ni kilo 20. Mwenye kifua hiki achukue wa lita 3 au 5, aende mara mbili. Na akina baba mtuwie radhi, lakini hakuna ugonjwa wa mwanamume unaoletwa na kuteka maji.

Chakula pia ni kazi. Tumbo likijaa sana husukuma juu ule msuli mpana ulio chini ya mapafu. Ni afadhali kula kidogo mara 5 kuliko sahani kubwa ya ugali mara mbili. Mwenye kukonda apewe mayai, maharagwe, omena, maziwa, na uji uliotiwa njugu zilizosagwa. Kukonda si dalili ya uzee tu. Kwa mgonjwa huyu ni kupoteza ile misuli tunayojaribu kuirudisha.

MOSHI WA JIKONI

Hatuwezi kumtembeza mtu asubuhi na kumfukiza jioni. Mama yetu alihamishwa kutoka jikoni kabla ya jambo lingine lolote, na kulikuwa na ubishi, kwa sababu jikoni ndipo maongezi yalipo. Mwishowe waliamua maongezi yahame. Siku hizi familia hukaa sebuleni jioni, na anayepika ndiye anakwenda na kurudi.

Anayeweza kununua gesi, hata ya kupikia chai na kupasha chakula tu, atakuwa amefanya jambo kubwa. Asiyeweza, apike nje au chini ya paa lililo wazi, apasue kuni na kuzikausha, akate dirisha pande mbili, aweke bomba la moshi. Majiko ya kisasa ya kuni tumeyauza sisi wenyewe katika mradi wetu, na yanapunguza kuni kweli. Lakini tuseme ukweli: hayatoshi peke yake. Huko Malawi jaribio kubwa, lililotoa matokeo mwaka 2016, liligawia nyumba majiko bora na halikuona nimonia ikipungua kwa watoto. Jiko likibaki ndani ya chumba kilichofungwa, moshi bado ni moshi. Na makaa yasiingizwe mahali pa kulala kamwe. Yale huua bila hata kutoa moshi.

Wanaovuta sigara waache, hata kama wana miaka 70. Mapafu hayatarudi, lakini yatapungua polepole zaidi. Wale wanaovuta karibu na mgonjwa nao watoke nje.

DAWA ZA KUVUTA

Kuna maneno mengi juu ya inhela, ile wengine huiita pampu. Eti ukianza hutaacha, eti inakula moyo, eti ni ya wanaokaribia kufa. Tumemjua mwalimu aliyeificha ndani ya soksi ili wanafunzi wasimwone. Dawa inayovutwa huenda moja kwa moja kwenye vijia, na kwa hiyo kiasi chake ni kidogo kuliko cha vidonge. Hakuna aibu yoyote hapo.

Shida tunayoona ni kwamba wengi wanaitumia vibaya. Wanapulizia ulimi, dawa inaishia mdomoni, halafu wanasema haifai. Tikisa. Toa hewa yote polepole. Shika mdomo wa inhela kwa midomo bila kuacha nafasi. Anza kuvuta polepole, na hapo hapo bonyeza mara moja, uendelee kuvuta. Funga pumzi ukihesabu mpaka 10. Ngoja karibu dakika moja kabla ya kurudia. Kwa watoto, wazee, na yeyote ambaye mkono na pumzi havipatani, kuna chupa ya katikati inayoshika dawa ili mtu aivute bila haraka. Mwaka 1999 madaktari wa Cape Town walionyesha kwamba chupa ya kawaida ya plastiki ya mililita 500, iliyotobolewa vizuri ili inhela iingie bila kuvuja, iliwasaidia watoto wenye pumu sawa na ile ya dukani. Mwombeni muuguzi awaonyeshe kuitoboa.

Inhela si moja. Kuna ya kufungua kifua mara moja, na kuna ya kuzuia, ambayo hutumiwa kila siku hata ukijisikia vizuri, na baadaye unasukutua mdomo. Mwenye pumu asitegemee ile ya kufungua peke yake. Ukiona unaihitaji kila siku, rudi kwa daktari.

Na oksijeni? Majaribio ya Marekani mwaka 1980 na Uingereza mwaka 1981 yalionyesha kwamba wale ambao oksijeni yao ya damu imeshuka sana huishi zaidi wakiipata saa 15 au zaidi kila siku. Lakini si kila mwenye pumzi fupi anaihitaji. Hupimwa kwa kidude kinachobana kidole, na daktari ndiye anaamua. Familia isiuze ng'ombe kununua mashine kabla ya kupimwa. Na palipo na oksijeni pasiwe na moto, sigara wala mshumaa, kwa kuwa hapo moto huwaka kwa nguvu ya ajabu.

MAMBO AMBAYO HAYASEMWI

Tangu corona ya mwaka 2020, mtu akikohoa kwenye matatu watu husogea. Wagonjwa wengi wameacha kusafiri kwa sababu hiyo tu. Wengine wanaitwa wenye ukimwi, wengine wanaambiwa wamerogwa. Ugonjwa huu wa makovu na moshi hauambukizi. Mtu amekwisha kupimwa, hana kifua kikuu, basi kula naye, keti naye.

Usiku ni mgumu. Mgonjwa huamka saa nane, kifua kimebana, na anaona ndiyo siku yake. Mito miwili au mitatu ya kuinua kichwa husaidia, na pia kujua kwamba kuna mtu atakayeitikia akiitwa. Huzuni ikizidi, asipotaka kula wala kuongea, hiyo nayo ina matibabu na isemwe kwa daktari.

Wenye ndoa nao wana maswali ambayo huulizwa kwa sauti ya chini sana, mkutano ukiisha. Tutajibu kwa ufupi: haijakatazwa. Wachague wakati mgonjwa amepumzika na hajashiba, atumie dawa ya kufungua kifua kabla kama daktari amempa, na asilaliwe kifuani.

Lakini kuna siku ambazo si za mazoezi wala za uvumilivu. Makohozi yakiongezeka na kubadilika rangi kuwa ya kijani, pumzi ikawa mbaya kuliko kawaida, homa ikaja, aende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Midomo ikigeuka rangi ya samawati au kijivu, akashindwa kumaliza sentensi, akasinzia ovyo au kuchanganyikiwa, akakohoa damu nyingi, tafuteni gari wakati huo huo.

Tusiwadanganye, si kila mtu amefika barabarani. Kuna mzee mmoja, mchonga mawe wa zamani, ambaye tulimwekea vijiti vile vile. Hataki kuonekana na majirani akisimamasimama kama mtoto anayejifunza kutembea. Tumemshauri atembee alfajiri kabla ya watu kuamka. Amesema atafikiri. Mke wake anatuambia amekwisha fika kwenye ghala mara mbili, lakini tusimwambie kwamba tunajua.

Na yule mama sasa huenda mazoezi ya kwaya Jumamosi nyingi, isipokuwa wakati wa baridi ya Julai. Huondoka nyumbani saa moja kabla ya wengine. Ubeti mzima hawezi, anaimba nusu, anapumua kwa midomo iliyokunjwa, anaingia tena kwenye kiitikio.

KAZI YA KUFANYA KABLA YA MKUTANO UJAO

Kila mhudumu awatembelee watu wawili wenye pumzi fupi. Aandike katika daftari ngazi ya kila mmoja kati ya zile 5, mahali anapokaa wakati chakula kinapikwa, na lile jambo moja analotaka kulifanya tena, kwa maneno yake mwenyewe. Jadilianeni pia katika kikundi: ni nani kati yetu tulimwambia apumzike, na sasa tutamwambia nini? Tutapitia madaftari pamoja, na muuguzi atakuwepo kutazama namna watu wanavyovuta dawa. Wenye inhela waje nazo, hata kama ziko ndani ya soksi.